Nyufa za Kuombea Saruji

Tetemeko lenyewe halikuwa na makuu. Lilikuja asubuhi, akina mama wakiwa zizini wanakamua, likamwaga maziwa, likavunja vyungu viwili vitatu, likapita zake. Watu wa Endaqasu walitoka nje, wakautazama Mlima Hanang' kana kwamba ndio uliowakosea, kisha wakarudi kwenye kazi zao. Kama mambo yangeishia hapo, leo watu wangekuwa wanalisimulia kwa kicheko. Lakini yaliyofuata hayakuletwa na tetemeko. Yaliletwa na akili, tena akili nyingi kupita kiasi.

Katekista Yoakimu alikimbilia kanisani kabla hata hajageuka kuona kama nyumba yake imesimama. Kanisa lile lilijengwa na baba yake na wenzake, walioteremka kutoka Tlawi kutafuta mahali pa kulima, wakiongozwa na padre mmoja Mzungu mwenye ndevu na hasira. Mawe waliyatoa korongoni wakayabeba kichwani, na chokaa waliichoma wenyewe. Lilikuwa dogo, jeusi, zito, na kuta zake zilikuwa pana kiasi kwamba mtu mzima angeweza kulala dirishani bila kuanguka. Yoakimu alipoingia alikuta sanamu ya Mtakatifu Yosefu imelala kifudifudi, na kwenye ukuta wa mashariki, kutoka pembe ya dirisha hadi chini ya bati, ufa. Ulikuwa mwembamba, wa kupitisha jani la nyasi, basi. Aliupitishia kidole juu hadi alipofika, akamshukuru Mungu, akamsimamisha Yosefu mahali pake.

Mtu asiyeijua habari ya mpaka atamwona Yoakimu mjinga bure, kwa hiyo isemwe mapema. Chini ya kanisa lile lilianza shamba la ngano la serikali. Ukisimama mlangoni ulikuwa unaona ngano tu mpaka macho yachoke, na mashine zake zilikuwa kubwa kuliko nyumba za watu. Wapima ardhi walipokuja miaka ile shamba lilipoanzishwa, walipanda kilima wakichimbia bikoni zao, vile vigingi vya mpaka, moja baada ya nyingine, na hakuna aliyewauliza wenyeji walikuwa wanalima wapi wala kuchunga wapi. Walipofika kanisani, mkubwa wao alivua kofia. Labda alikuwa Mkristo, labda alikuwa amechoka. Alisema nyumba ya Mungu hailimwi, na mstari ukakunja kona pale pale. Nyuma ya kanisa zikabaki kaya za Endaqasu na mahindi yao na maharage yao, bila hati wala karatasi yoyote, zimekingwa na lile jengo peke yake. Kila meneja mpya wa shamba aliuliza kwa nini mstari umepinda, akaonyeshwa msalaba juu ya bati, akanyamaza. Basi Yoakimu alipopiga magoti kuomba mvua, aliomba na kuta zisimame.

Baada ya tetemeko zikaja habari kutoka Katesh, makao ya wilaya. Wakubwa wa kanisa na wa serikali walikuwa wamekubaliana kumtuma mtaalamu mmoja wa majengo apite makanisa yote ya zamani, aangalie lipi limeumia na limeumia kiasi gani, kisha msaada utoke. Neno lililobaki masikioni mwa watu lilikuwa msaada. Siku zile saruji haikuwa kitu cha kwenda dukani kununua. Ilitaka kibali, na kibali kilitaka kujuana, na kulikuwa na watu waliozeeka na msingi wa nyumba ambao haukuwahi kupanda juu ya goti. Msaada ulikuwa na maana moja tu.

Sulle alikuja kuukagua ufa jioni ile ile. Huyu alikuwa mwenyekiti wa kigango, yaani wa waumini wa kanisa lile, mtu wa maneno laini na mipango mingi, na alikuwa amelima jirani na Yoakimu tangu ujana wao. Aliutazama ule ufa jinsi mtu anavyomtazama ng'ombe aliyekonda mnadani.

"Katekista, ndio huu?"

"Ndio huo. Tumshukuru Mungu."

"Tumshukuru, halafu tupate nini? Mtu atoke mkoani na gari yake, tumwonyeshe ufa wa kupitisha unywele? Jirani zetu wa kigango cha Gehandu wana ufa unaingiza mbwa. Saruji yote itaishia Gehandu, na sisi tutaambiwa tuombe."

Kwa kawaida Yoakimu angemjibu, maana hakuwa mtu wa kushindwa neno. Lakini Sulle alikuwa amemgusa mahali ambapo palikuwa bado panauma, na Sulle mwenyewe alipajua.

Miaka michache nyuma, mwaka wa njaa, afisa alipita nyumba hadi nyumba akikagua maghala. Mwenye kitu alirukwa, asiye na kitu aliandikiwa mahindi ya njano ya msaada. Sulle alikuwa na magunia matatu. Aliyafukia kwenye kibanda cha ndama, akalifagia ghala lake hadi udongo ukang'aa, na afisa alipofika aliwakuta watoto wamelala mekoni wakilalamika kama walivyofundishwa. Yoakimu yeye alikuwa na nusu gunia la mtama, mbegu ya msimu ujao. Alimwambia afisa ukweli, kwa sababu alikuwa katekista na kwa sababu hakuwahi kufikiri kusema kingine. Afisa akampa mkono, akamwambia mzee wewe ni mwaminifu sana, wangekuwa wote kama wewe nchi hii ingekwenda mbele. Akamruka.

Mama yake Yoakimu alikula ile mbegu ikaisha. Akala majani, kisha akaacha kula. Alizikwa kabla ya mvua. Siku ya matanga Sulle alileta debe la mahindi ya njano kwa ajili ya waombolezaji, na Yoakimu akayala pamoja na wengine, akashukuru. Hilo ndilo lililomchoma kuliko kaburi lenyewe. Aliapa moyoni kwamba mtu wa serikali hatakuja tena kumkuta na kitu chema cha kuonyesha.

"Unasemaje?" Sulle akauliza.

"Nasema mtu asije akatuona tumeshiba," Yoakimu alijibu.

Bernadina, mke wake, alikuwa na mipango mingine. Yeye na wenzake walikuwa wameshachota udongo mweupe mtoni, wamekuja nao hadi mlangoni pa kanisa ili waikandike ile sehemu iliyopasuka, kuta zipendeze, mgeni asije akawaona watu wachafu. Yoakimu akawazuia, akawaambia wamwage udongo wao.

"Baba Zita," Bernadina alisema, "mgonjwa huwezi kumwongeza kidonda ili daktari amwonee huruma."

"Daktari mwenyewe ni wa serikali, mama Zita. Hao wanatibu kidonda wanachokiona. Kingine hawana habari nacho."

"Na ukikosea?"

"Mara ya kwanza nilisema kweli, na mama yangu yuko wapi?"

Bernadina alimwaga udongo pale nje ya mlango, akaondoka na wenzake.

Kazi waliifanya mchana, milango imefungwa, Yoakimu na Sulle na wanaume wengine wachache wa kigango. Walikuwa na mtaimbo, tindo mbili na nyundo. Ili wapita njia wasishangae kelele, waliimba litania. Yoakimu alitaja watakatifu, wenzake wakaitikia utuombee, na kila utuombee tindo ilishuka. Ule ufa wa jani la nyasi ukawa wa kidole, ukawa wa mkono. Chokaa ya wazee ilikuwa ngumu ajabu. Ilikataa kutoka, tindo ziliingia butu, na mara mbili Yoakimu aliweka nyundo chini kwa sababu ya aibu iliyompanda, akaichukua tena. Sulle akasema ufa mmoja hauna mtu wa kuulilia, lazima uwe na mwenzake. Wakafungua wa pili upande wa altare, mahali ambapo hapakuwa na kitu chochote. Kisha wakang'oa mawe mawili juu ya dirisha, kwenye tao, ili anga lionekane.

Mwisho wakachukua masizi na matope wakapaka kila palipochimbwa, rangi ya jeraha ionekane ya zamani. Walifanya vizuri sana. Walipomaliza, hata Yoakimu mwenyewe alipotazama alishikwa na hofu, na akajiambia hofu ile ndiyo itakayoleta saruji.

Mtaalamu alifika na Land Rover, amevaa raba na kofia ya jua. Jina lake Xavery, mtu wa Mahenge, umri wake kama wa mtoto wa kwanza wa Yoakimu. Aliteremka akasalimia wazee wote mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, bila kuruka hata mmoja, na watu wakampenda hapo hapo. Alikuwa amelala Gehandu. Huko, kwa habari zilizokuwa zimeshatangulia, alikuwa amepaka alama ya rangi ya njano mlangoni, na mifuko ya saruji ilikuwa imeshaanza kushushwa.

Aliingia ndani na timazi yake ya kupimia wima wa ukuta na nyundo ndogo. Aligonga ukuta, akasikiliza, akagonga tena. Aliteremsha kamba ya timazi kutoka juu ya dirisha, akaitazama ikitulia. Alipofika kwenye tao aliinua macho, akaona anga, akarudi nyuma hatua kadhaa. Akawaambia watu waliokuwa wamemfuata ndani watoke. Aliwaambia kwa upole, lakini aliwaambia mara mbili.

"Lilikuwa hivi tangu siku ya tetemeko?" alimuuliza Yoakimu nje.

"Tangu siku ile," Yoakimu akasema. Uongo ule ulitoka laini kuliko alivyotegemea.

"Na mnasali humo?"

"Tutasali wapi kwingine, Bwana fundi?"

Xavery akatikisa kichwa. Alikwenda kwenye gari, akarudi na kopo la rangi na brashi, na mbele ya kigango kizima akachora msalaba mkubwa mwekundu kwenye mlango wa kanisa.

Mmoja alianza, wengine wakapokea, na vigelegele vikajaa pale uwanjani. Gehandu walipewa njano, Endaqasu imepewa nyekundu. Sulle alimpiga Yoakimu begani. Watu walikumbatiana. Bwana Xavery alisimama na brashi inadondosha rangi kwenye raba zake, anawatazama kama mtu aliyeingia kwenye arusi akidhani ni msiba.

"Ninyi ni watu wa ajabu," alimwambia Yoakimu. "Kwa rangi hii nimeshafukuzwa na mbwa mahali pengine. Ninyi mnafurahi."

"Tumefurahi sana," Yoakimu akasema. Neno la mbwa lilimpita masikioni, hakulikamata. Mtaalamu akatoa kalamu, akaandika palepale kwamba wananchi wameupokea uamuzi kwa furaha.

Walimchinjia jogoo. Alikaa nyumbani kwa Yoakimu pamoja na Sulle na wazee wengine, Bernadina akawanawisha mikono, wakala wali na nyama, kitu ambacho hakikuliwa Endaqasu isipokuwa Pasaka na Noeli. Xavery alikuwa mtu wa mazungumzo. Aliwasimulia habari za Mahenge, akawasifu kwa mawe yao, akasema haoni tena ujenzi wa namna ile. Yoakimu alisubiri hadi mgeni alipoanza kuchokonoa meno, ndipo akauliza kwa adabu kilichokuwa kinamwasha tangu asubuhi.

"Mwanangu, sasa tujiandae lini kupokea?"

"Kupokea nini, mzee?"

"Mzigo. Saruji. Tuna watu wa kushusha, tuna na stoo."

Xavery aliacha kuchokonoa. Alimtazama Yoakimu, akamtazama Sulle, akawatazama wazee wengine waliokuwa wanatabasamu.

"Saruji ni ya rangi ya njano," alisema polepole. "Hakuna aliyewaeleza? Njano ni la kutengenezwa. Nyekundu ni la kubomolewa."

Bernadina alikuwa mlangoni na birika la maji ya kunawa, na maji yalikuwa yanamwagikia miguuni mwake bila yeye kuyaona.

"Bwana, tulizichimba sisi," Yoakimu akasema.

"Mlichimba nini?"

"Nyufa. Ulikuwepo mmoja, mdogo. Tuliupanua kwa tindo ili mtupe saruji. Ule wa altare haukuwepo kabisa. Mawe ya tao tumeyang'oa kwa mikono hii, yako nyuma ya sakristia, nitakuonyesha."

Xavery alimgeukia Sulle. "Ni kweli, mwenyekiti?"

Ikumbukwe kwamba kuharibu jengo ni kosa, na polisi wa Katesh hawakuwa mbali. Sulle alitazama mifupa ya jogoo kwenye sahani. Alikuwa na sauti yake ile laini.

"Katekista amechanganyikiwa kwa uchungu, Bwana. Baba yake alilijenga kanisa hili. Msamehe."

Wazee wengine wakainamisha vichwa, mmoja akasema ndiyo, ni uchungu. Mara hii pia Yoakimu alikuwa amesema kweli, na mara hii pia kulikuwa na mtu wa kuipita kweli yake na kuendelea na safari. Aliinuka, akamshika Xavery mkono kama mtoto anavyoshikwa, akatoka naye kurudi kanisani.

Ndani, Xavery alitemea mate kidole gumba, akasugua ukuta palipopakwa masizi. Chini yake jiwe lilikuwa jeupe, limekatwa upya, na alama za tindo zilionekana moja baada ya nyingine. Akasugua mahali pengine, na pengine tena. Kisha akatoka nje akakaa kwenye ngazi ya mlango, kofia mkononi.

"Ule ufa wa kwanza, mzee, ulikuwa na upana gani?"

"Wa kupitisha jani la nyasi."

"Huo ningeupaka kijani, rangi ya jengo salama," Xavery akasema. "Ningewaachia mifuko miwili ya saruji mzibe wenyewe, nikaenda zangu."

Yoakimu alikaa kando yake. "Basi paka kijani. Tutarudisha mawe. Tutakesha tukirudisha."

"Ukuta hauulizi ni nani aliyeuumiza. Mawe ya tao yanashikana kwa kusukumana, mkitoa mawili, yaliyobaki hayana ya kusukumana nayo. Na mmelipasua upande wa altare, kwenye kona inayobeba paa. Sasa hivi limekuwa kweli kama mlivyotaka nilione. Kuna watoto wanaofundishwa komunyo humo. Likija tetemeko lingine, hata dogo, nitawaambia nini mama zao?"

"Basi njano, mwanangu. Njano tu."

"Nikiandika njano likaangukia watu, kizimbani nitapanda mimi. Nikiandika kwamba mlilichimba, mtapanda ninyi, na wewe wa kwanza, maana wenzako wameshakukana." Xavery alivaa kofia yake. "Nitaandika tetemeko. Hilo ndilo ninaloweza kukusaidia."

Ndipo Yoakimu akamweleza habari ya mpaka. Alieleza vibaya, akirukaruka, akianza na mpima ardhi na kofia yake, akirudi kwa baba yake, akionyesha mahindi yaliyokuwa yanatoa mbelewele nyuma ya kanisa, moshi wa nyumba za watu, ngano kule chini. Xavery alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo gumu kulisema hata leo.

"Mpaka ni kazi ya watu wa ardhi, mzee," alisema. "Mimi naangalia kuta."

Wilaya haikuwa na mashine ya kubomolea, na Yoakimu alijipa matumaini kwa sababu hiyo. Aliijua wilaya. Kitu chochote kilichohitaji dizeli kilichukua mwaka. Lakini shamba la ngano, ambalo halijawahi kuwaazima watu wa Endaqasu hata jembe, ambalo trekta lake lilikataa kumbeba Genoveva, mwanamke wa kijiji kile, alipolemewa na uchungu wa kuzaa, lilisikia habari na likajitolea. Mnyororo wa katapila ulisikika unapanda kilima kabla hata rangi ya mlangoni haijakauka vizuri, wanavyosema watu, na hawatii chumvi sana.

Xavery alikuja pia. Ilikuwa sehemu ya kazi yake kuona. Watu wa kigango walikuwa wamekwishatoa sanamu, viti, kengele na meza ya altare, wakavipanga uwanjani kama watu wanaohama. Yoakimu alikaa kwenye benchi la wanakwaya, Bernadina karibu yake.

Katapila lilianzia mashariki, palipochimbwa. Dirisha lilianguka kwa msukumo wa kwanza, tao zima, na vumbi likapanda. Watu wakasema aa, basi mtaalamu alikuwa sahihi, lilikuwa limeoza. Yoakimu naye alisema hivyo moyoni, na akaona nafuu kidogo, nafuu ya mtu anayeambiwa ndugu yake asingepona kwa vyovyote.

Kisha mashine ikageukia sehemu ambazo tindo hazikugusa, na pale ikagota. Ilisukuma, minyororo ikajizungusha mahali pamoja ikichimba udongo, ukuta ukakaa. Ilirudi nyuma, ikaja na mwendo, ikagonga. Ukuta ukakaa. Jua lilipanda, likawa utosini, likaanza kushuka, na ukuta wa magharibi ulikuwa bado umesimama peke yake, bila bati, bila mwenzake, na dereva alikuwa ameshuka mara kadhaa kuangalia kama kisu cha katapila kimepinda. Kila mtu alikuwa anaona jambo lile lile. Sulle aliondoka bila kuaga. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya msibani, wengine wakamfuata, na Bernadina akainuka kutoka kando ya mumewe akaenda kukaa nao.

Yoakimu alimtazama Xavery. Xavery alikuwa anautazama ukuta.

"Wazee wenu walikuwa mafundi," alisema, kwa sauti ya chini, kana kwamba anaomba msamaha kwa mtu asiyekuwepo. "Lingekaa miaka mia nyingine." Akaenda kwenye gari lake, akafunga mlango, na gari likaondoka kuelekea Katesh.

Ukuta ulianguka jioni. Haukubomoka, ulilala chini mzimamzima, mawe yameshikana na chokaa yake, na ilibidi katapila liupande juu na kuusaga. Lilipomaliza kusaga halikugeuka kurudi lilikotoka. Lilisimama pale palipokuwa altare, uso wake umeelekea kwenye mahindi.

Dereva akashuka. Alikuwa kijana wa Gehandu, Kasian, ameajiriwa shambani msimu ule, na mwili wote umejaa vumbi la kanisa. Alivua kofia yake akaja hadi kwenye benchi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Pole na kazi ya leo, mzee." Kasian aliikunja kofia mikononi. "Nimeagizwa kesho ninyooshe mstari, niunganishe bikoni ya chini na ya kule juu. Lakini naona kuna nyumba za watu katikati. Sipendi kumwingilia mtu ghafla. Naomba unionyeshe nianzie kwa nani, nimwambie leo atoe vitu vyake."

Yoakimu aliyatazama mahindi. Yalikuwa yamebakiza wiki chache tu kukomaa, na ya Sulle yalikuwa mazuri kuliko yote, yako pale mbele, kando ya njia. Angeweza kuyanyooshea kidole na hakuna ambaye angemlaumu. Kasian alisubiri kwa adabu.

"Nyumba ya kwanza ni yangu," Yoakimu alisema. "Ile yenye bati. Anzia hapo, mwanangu. Hao wengine waache wavune."

Kasian akaitikia ndiyo mzee, akarudi kuizima mashine.